Usingizi wa Mama Mkwe na Chumba cha Baridi

KITUO CHA POLISI, BEIRA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Felismina Tomo Zacarias. Umri: miaka 63. Kazi: mkunga mstaafu. Makazi: kwa binti yangu Ofélia, hapa Beira.

Mimi ni mama mkwe wa mlalamikaji, Gildo Nhamposse, mwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki uani kwake. Amenileta kwa gari lake akiamini nakuja kumtetea. Nimekuja kusema niliyoyaona na kuyasikia.

Mnamo tarehe 9 Novemba, Jumamosi, fundi Arlindo Sixpence alikuja kutengeneza mtambo wa chumba hicho, uliokuwa ukivuja gesi. Aliziba tundu, akajaza naitrojeni kwenye mabomba ili kuyapima, akapaka povu la sabuni kila kiungo. Hakikuvuja hata kimoja. Gildo naye aliinama kutazama povu, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Baada ya chakula fundi aliwasha pampu ya kuvuta hewa na unyevu uliobaki ndani. Pampu ile ina kelele. Mimi nilikuwa nimejilaza mkekani nyuma ya ukuta wa matete, macho wazi.

Mnamo saa tisa alasiri Gildo alisema, "Fundi, zima hilo dude. Mama mkwe kalala."

Arlindo akajibu, "Bado, bosi. Mshale wa geji haujatulia, ndani mna unyevu. Ukibaki utaganda kwenye valvu, gesi itashindwa kupita."

"Hilo ni bomba la gesi, si mfereji wa maji. Au kwenu hamna mama wakwe?"

Kwetu usingizi wa mama mkwe hauguswi. Arlindo ni mtu wa adabu. Alizima, akajaza gesi, akaondoka. Punde nikasikia redio. Mechi ilikuwa imeanza. Mkwe wangu hakuwa na habari na usingizi wangu, alitaka kusikia mpira.

Mtambo ulifanya kazi siku mbili, ukagoma. Ukipata joto unaamka, ukipoa unakufa. Samaki wakaoza. Gildo, badala ya kukumbuka domo lake, akaja hapa kusema Arlindo huingia kwa siri kuuharibu ili aitwe tena. Nanyi mkamweka ndani.

Jana, Arlindo akiwa mahabusu kwenu, mtambo ulikufa tena. Sijui alitokea dirisha lipi. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya moto ya chai, nikakizungusha kwenye ile valvu iliyoota barafu. Nikasikia gesi ikipita, na chumba kikaanza kupoa. Ofélia aliona. Gildo pia aliona, akasema, "Mama, huu ni uchawi." Nimepokea watoto wengi wachanga mjini hapa. Wote huzaliwa wajinga, lakini wengi hukua.

Gildo yuko nje sasa, amesimama juani, kwa kuwa hawezi kuketi mbele yangu. Heshima ya namna hiyo anaijua sana.

Usingizi uliomfunga Arlindo sikuulala. Niliyoyaeleza ni hayo. Nimesomewa, na ni kweli.

Sahihi: F. T. Zacarias

Afisa: Yameandikwa nami, Sajenti Custódio Dique. Shahidi ameruhusiwa kwenda nyumbani, amekataa gari la mlalamikaji. Amelala kwenye benchi la mapokezi, na ameagiza asiamshwe mpaka Arlindo atakapofunguliwa. Sijamwamsha. Nimetuma mtu kuchukua ufunguo.