Babu Hakuwa Mgonjwa

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima raha limeshang'olewa. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, ila magoti yanamgomea akipanda ngazi. Bibi naye yupo na anakula vizuri. Mimi mwilini sijambo. Kichwani sijui nikwambie nini. Ungenipigia simu ungeniuliza, "Breki, kulikoni?" nami ningevuruga kila kitu. Ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu. Tafadhali isome ukiwa umetulia, wala usiipitie mbio kama unavyopitia meseji zangu.

Mambo yalianza na jiwe la kaburi. Unamjua Baba: tangu astaafu ufundi bomba, hawezi kukaa bila kitu cha kurekebisha. Alipomaliza mabomba yetu na ya majirani, akaligeukia kaburi la Babu. Akaenda kwa mchonga mawe wa karibu na stendi, akachagua jiwe la kijivu. Mchonga mawe akamuuliza marehemu alizaliwa wapi na wazazi wake waliitwa nani. Baba akageuka akaondoka. Alirudi nyumbani amenuna, akaniambia kuwa ameaibika mbele ya mtu mwenye patasi, mzee mzima asiyejua baba yake alitoka wapi.

Tuliyoambiwa unayajua: kwamba Babu alitoka mbali, zamani alikuwa msaidizi wa daktari katika hospitali fulani, akamwoa Bibi hukohuko, Baba akazaliwa, ndipo wakahamia hapa akafungua kibanda cha kinyozi. Basi, hadithi ikaishia hapo. Baba alimwuliza Bibi habari zaidi, Bibi akasema siku hizi masikio yake hayafai kitu. Baba akarudia swali kwa sauti ya kuita mtaa mzima. Bibi akamjibu kwamba chai ipo kwenye chupa.

Kazi ikaniangukia mimi, kwa kuwa shule yetu ya udereva inatazamana na jengo la nyaraka. Nikawa navuka barabara kila nikipata nafasi kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Chumba cha kusomea kina meza moja ndefu na feni inayolalamika, na kalamu ya wino hairuhusiwi, unapewa penseli. Mtunza nyaraka ni mama mmoja mpole anayepiga chafya kila akifungua kasha. Nilimtajia jina la ile hospitali, akavua miwani akaniuliza kama nina hakika. Akanieleza taratibu, kama mtu anayepeleka habari za msiba, kwamba ile haikuwa hospitali ya kawaida. Ilikuwa kambi ya wenye ukoma. Zamani hizo mtu akionekana na dalili alichukuliwa, akawekwa ndani ya uzio wa senyenge, na wengi hawakutoka tena.

Nikamwambia sawa, hata huko daktari alihitaji msaidizi. Tukapekua majina ya wafanyakazi wote wa kiume, kuanzia mganga mkuu hadi mfagizi. Babu hayumo. Yule mama akapiga chafya, akasita, kisha akaniletea daftari la wagonjwa. Dada, Babu yumo. Jina lake kamili, kazi yake kinyozi, na alama ya mwilini: kovu la moto mkono wa kushoto. Lile kovu ulilokuwa ukisema linafanana na jani.

Nilikaa pale nikijaribu kuikumbuka mikono yake. Vidole vilikuwa vyote, wembe haukuwahi kumtetemeka. Lakini nilipofungua kurasa za mbele, nikakuta daktari mwingine ameandika kwamba mtu huyu hana ukoma, ameamriwa aondoke, amekataa. Miezi kadhaa baadaye ameandika tena: amekataa. Mwishowe neno moja tu: ametoroka. Sasa niambie, mtu anakataa kutoka mahali ambapo kila mtu analia atoke, halafu siku moja anatoroka! Anamtoroka nani, na mlango ulikuwa wazi?

Tena kulikuwa na jina la mke, mgonjwa wa humohumo. Halikuwa jina la Bibi. Wala si jina nililowahi kulisikia kwetu.

Mtunza nyaraka alinihurumia, akasema huenda ni watu wawili wenye jina moja na wote wameungua mkono. Niliishika fikra hiyo kwa mikono miwili. Lakini kwenye daftari la uzazi la kambi tukakuta yule mke amejifungua mtoto wa kiume, na tarehe ya kuzaliwa ndiyo hiihii ambayo kila mwaka tunamnunulia Baba shati. Chini yake pameandikwa kwamba mtoto amefariki kwa homa akiwa na wiki chache. Nilisoma na kurudia. Mtu aliyefariki kwa homa ndiye aliyenipasia mkate asubuhi ileile na kuniuliza mbona sitii sukari.

Mchana huo nilimwambia mwanafunzi wangu akate kushoto huku nikimwonyesha kulia, tukaponea chupuchupu kuingia duka la mikate. Kila jibu nililojipa liliharibika. Kama Babu alikuwa na mke mwingine, Bibi alitokea wapi? Kama mtoto alikufa, Baba ni nani? Kama ni pacha, mbona hapakuandikwa pacha? Nilinakili yote kwa penseli, nikayakunja, nikaanza kukwepa macho ya Baba nyumbani.

Jumamosi ya wiki iliyopita, si ya jana, Baba alitoka kwenda kununua misumari. Bibi alikuwa chumbani kwake akishona vifungo. Nikakaa kitandani pake, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa yule mwanamke wa kambini alikuwa nani. Sikupandisha sauti hata kidogo, naye alisikia. Akachoma sindano kwenye kitambaa, akaniambia, "Funga mlango."

Haya ninayokuandikia sasa ni maneno yake, nami nimejitahidi nisiyapambe.

Anasema Babu alikuwa kijana aliyeoa karibuni, mkewe akatokwa na mabaka, lori likaja kumchukua. Babu akalifuata kwa miguu. Kila alipofika getini alirudishwa, kwa sababu mwenye afya hakuruhusiwa kuishi ndani. Basi akapasha moto pasi ya mkaa, akajichoma mkono. Kidonda kilipopona, akaenda kumwonyesha daktari kwamba ana baka lisilosikia maumivu. Daktari akamdunga sindano palepale, na Babu hakukunja hata uso. Akaandikwa mgonjwa, akaingia, akaishi na mkewe, akiwanyoa wagonjwa ambao hakuna kinyozi wa nje aliyekubali kuwagusa. Alipokuja daktari mpya akagundua kuwa ni mzima, ndipo wakaanza kumfukuza naye akawa hafukuziki.

Kisha mkewe akazaa. Sheria ya kambi ilikuwa kwamba mtoto akishazaliwa anatolewa nje ya uzio kabla mama yake hajamnyonyesha, anapelekwa nyumba ya watoto, na baadaye anasafirishwa kwenye vituo vya mbali asikojulikana ni wa nani. Katika nyumba ile ya watoto palikuwa na yaya mmoja msichana. Dada, yaya huyo ndiye Bibi yetu.

Anasema mama wa mtoto alikuja kwenye senyenge kila siku, akisimama palepale, hasemi. Siku aliposikia watoto wanaandaliwa safari, akasema. Alimwomba yaya amtoe mtoto, na akamwamuru mumewe aondoke naye. Babu alikataa kama alivyozoea kukataa. Mkewe akamwambia hatamsemesha tena mpaka mtoto awe mikononi mwa baba yake. Ndipo Bibi akaripoti kwa msimamizi kwamba mtoto amekufa kwa homa. Watoto wachanga walikufa mara kwa mara pale, hakuna aliyeomba kuona. Akafunga matambara, akayazika. Babu akampokea mtoto alfajiri nyuma ya jiko la kufulia, akaondoka.

Nikamuuliza Bibi ilikuwaje sasa akawa mke wa Babu. Akacheka kidogo, cheko la kuchoka. Akasema baada ya muda Babu alimfuata mpaka kwao, mtoto analia, baba mtu naye yuko karibu kulia. "Aliniomba nimwonyeshe namna ya kumlisha tu. Nikamwonyesha. Mpaka leo sijamaliza kumwonyesha." Kwa miaka mingi walikaa nyumba moja kama kaka na dada, kwa kuwa mke wa Babu alikuwa hai, na Babu alirudi kambini mara kwa mara na mkoba wake wa kinyozi. Mke alipofariki, Baba akiwa tayari anasoma shule, ndipo walipofunga ndoa. Kumbe Baba anapodai anakumbuka harusi ya wazazi wake, nasi tukamcheka tukisema anaota, hakuwa anaota. Alikuwepo, amevaa viatu vipya.

Dada, nilitoka chumbani mle sijui nimkasirikie nani. Nilijaribu kumkasirikia Bibi, nikamwona amerudia vifungo vyake na uzi haumwingii kwenye tundu la sindano, nikashindwa. Nikakimbilia kile nilichokiweza: niliyaficha makaratasi chini ya godoro, nikaamua kungoja ushauri wako na kumwambia Baba kwamba nyaraka zimeliwa na mchwa. Nakuungamia hilo, ulijue. Lakini sikupewa nafasi ya kusema huo uongo. Jioni tukiwa mezani Baba aliniuliza nimefikia wapi, na kabla sijafungua mdomo Bibi akasema, "Niulize mimi." Akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, macho yake kwenye sahani.

Baba hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: kama mama yake aliwahi kumwona tena. Bibi akasema ndiyo, alikuwa akimpeleka kwenye uzio alipokuwa mdogo, na yule mwanamke alisimama mbali kwa hofu ya kumwambukiza, akimwomba Bibi amgeuze mtoto amwone na kisogo. Baba akainuka akaenda bafuni. Tukasikia maji yanamwagika muda mrefu. Alipotoka aliniuliza kesho gari langu lina nafasi.

Basi tukaenda watatu, na lile bango la mwanafunzi juu ya paa, kila dereva akitupigia honi, Bibi akiwapungia mkono akidhani ni salamu. Kambi siku hizi ni ghala la mbolea. Makaburi yapo nyuma, kwenye nyasi ndefu, kila moja na kipande cha chuma chenye namba, na namba nyingi zimeliwa na kutu. Bibi alizunguka akitafuta. Akasema ni hapa, kisha akasema hapana, ni pale kwenye kichuguu, kisha akasimama akaanza kuomba radhi. Baba akamshika mkono kwa sababu ardhi ilikuwa na mashimo. Tulisimama katikati ya makaburi yote kwa kuwa hatukujua letu ni lipi.

Nisikudanganye kwamba mambo yametulia. Baba ameenda kumwambia mchonga mawe angoje, hajui aandike nini. Anajitazama kwenye kioo akinyoa mpaka povu linamkaukia. Anapomwita Bibi, "Mama" inaanza vizuri halafu inakwama katikati, naye anatoka nje kama aliyesahau kitu. Bibi naye akaliona hilo. Jumatano nilikuta begi lake dogo nyuma ya mlango, limefungwa, na kanga zake zote zimo. Hakusema anakwenda wapi, na wala hana pa kwenda. Alikuwa anangoja aambiwe. Baba alilipita begi lile siku nzima, na siku zilizofuata, akilitazama bila kusema lolote, nami nikashindwa kulala kwa kuogopa kwamba kukaa kwake kimya ndiyo jibu.

Leo asubuhi akalichukua. Nilidhani mambo yamekwisha, nikasimama mlangoni sijui nimzuie au nishike ufunguo wa gari. Kumbe amelipeleka chumbani kwa Bibi, akalifungua kitandani, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja. Unamjua Baba, anaweza kuunga bomba lolote lakini kukunja nguo hakuwezi. Bibi alimvumilia nguo mbili tatu, kisha akampokonya kanga akamwambia, "Hivi nilikufundisha hivi mimi?" Baba akasema, "Hukunifundisha, Mama. Ulikuwa unanikunjia." Neno halikukwama. Wakaendelea kukunja wote wawili, mimi nikarudi jikoni kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha.

Sasa nina ombi, Dada, na hili ndilo lililonikalisha kuandika. Bibi amepata kitu kimoja kwa Baba, lakini anangoja kingine kwako. Wewe ni somo yake, ndiye uliyepewa jina lake. Tangu majuzi ananiuliza kama utalibadilisha, kwa kuwa si bibi yako wa damu. Nimemwambia asiseme mambo hayo, ila neno langu halimtoshi. Kwa hiyo barua yako ya majibu usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, kwa herufi kubwa aweze kuisoma mwenyewe, na juu kabisa umwite kama ulivyomwita siku zote.

Msalimie sana shemeji, na wabusu watoto. Baba anakusalimu na anasema ukija likizo umletee bisibisi ya ile aina asiyoipata huku. Mtunza nyaraka pia anakusalimu, ingawa hakujui. Nilimpelekea habari ya safari yetu ya makaburini, akalia kidogo kisha akapiga chafya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Breki