Feni Iliyolia Tangu Muleba

Jumanne, Kishanda

Na hili gari la haibridi, la petroli na betri, nililiosha jana tu! Gari langu la zamani la mbio lilipotaka kuugua, niliisikia injini mapema. Hili ni bubu. Nimelilalamikia mwaka mzima.

Leo mimi na mke wangu tulikuwa tunampelekea binti yetu ndizi Bukoba, mikungu mitatu kwenye kiti cha nyuma. Karibu na mjini taa nyekundu ikawaka, gari likaishiwa nguvu.

Fundi tuliyemwita, mama mmoja mtaratibu, alishusha ndizi, akachomoa majani makavu ya mgomba kwenye tundu kando ya kiti.

“Hapa ndipo betri inapopatia hewa, mzee. Mmepaziba. Feni yake lazima ililia sana. Hukuisikia?”

Nikamjibu kwa ukali kwamba hakuna kilicholia.

Mke wangu akatazama chini. “Imelia tangu Muleba, Ta Koku. Nilidhani unaisikia.”

Mimi! Mimi niliyekuwa naletewa magari ya watu niyasikilize tu, niseme yanaumwa nini.

Wakati wa kurudi ndipo nilipogundua kwamba mke wangu anaongea nami kwa sauti ya juu, polepole, kama alivyokuwa akiongea na marehemu mama yangu uzeeni. Sijui alianza lini.