Mitungi ya Harusi ya Ilaitia

Jumatatu, 3 Juni

Mtungi mwingine umepasuka! Tena ule wa matumbo mawili na mkono mmoja juu, umbo lile lile ambalo bibi za ukoo wa mume wangu walichotea maji mtoni. Paa! — katikati ya moto. Mama mkwe akatukagua wanawake sote. Tumbo, si uso. Akasema kuna mtu hapa anaficha mimba.

Ndivyo tulivyo. Keki ikikataa kuumuka, mimba ya siri. Wavu ukirudi mtupu, mimba ya siri. Nikainamia kuni.

Jumanne, 4 Juni

Simwambii mtu. Hata mume wangu Apisai. Mara mbili nilitangaza mapema, mara mbili nikalia mbele ya kijiji kizima. Safari hii nanyamaza mpaka tumbo lijitangaze lenyewe.

Lakini udongo niliuchanganya mimi. Pengine mchanga ulizidi. Pengine ni mimi. Sijui! Na — aibu hata kuandika — moyoni nafurahi. Mtungi ukipasuka, basi mtoto yumo.

Alhamisi, 6 Juni

Harusi ya shemeji Ilaitia imekaribia. Wakwe wanaleta mikeka, sisi mitungi. Ukoo wa wafinyanzi kwenda mikono mitupu! Mama mkwe hali chakula. Leo kanifuata jikoni.

“Lusiana, mwanangu, una neno?”

“Sina, mama.”

“Nitaziweka wapi sura zetu?”

Nikamenya muhogo mpaka karibu uishe. Ananipenda yule mama. Namwibia furaha yake, au namlinda? Kichwa changu kimevurugika.

Jumamosi, 8 Juni

Tumechoma tena, udongo ule ule. Wifi yangu Vasiti hakosi la kusema: “Wifi, mbona unasimama mbali? Moto utakuharibia uso?” Wakacheka. Nikasogea.

Hakuna uliopasuka.

Hata mmoja! Tumeitoa ikiwa myekundu, tukaisugua utomvu wa mti ingali moto, ikang'aa kama imelowa. Mama mkwe kanikumbatia kwa mikono yenye masizi. Kasema aliyekuwa anaficha bila shaka amekwenda kuungama kwa mchungaji, Mungu ambariki.

Mimi sijaungama. Sijasema kwa mtu.

Sasa? Kama mimba ya siri huvunja mitungi, na siri bado ninayo, mbona ni mizima? Labda ulikuwa mchanga tu. Labda imani yetu ni maneno matupu. Au — hapana. Siumwi popote. Ila asubuhi chai ilitulia tumboni, mara ya kwanza wiki hizi zote. Nilishukuru. Sijui nilikuwa nashukuru nini.

Wenzangu wamekwenda kunywa yaqona, kile kinywaji cha mizizi, na kuimba. Nimebaki kulinda mitungi ipoe. Vasiti anapiga kelele nije, ati nimekuwa bibi harusi wa kusubiriwa? Nimemwambia nakuja.

Huu wa matumbo mawili bado una joto. Nimeuwekea sikio. Kimya. Pasuka, jamani. Ufa mdogo tu, hata wa chini usioonekana —