Bangili Ambazo Hukuzikwa Nazo

Kaagya, Jumapili asubuhi

Shubi,

Kaburi lako limepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Barabara ya Kagoma inapanuliwa, na ile pembe ya kibanja cha mumeo tulikokulaza imeingia katika eneo la barabara. Alhamisi watakuhamisha, upande wa juu, karibu na mibuni.

Kemi wako ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Alikuwa na furaha, na aliionea aibu. "Mama mkubwa," akasema, "nitasimama pale pale wakifungua. Nataka nizione zile bangili za mama kwa macho yangu. Nikishaziona ndipo nitajua kama zirudi chini, au nimpe binti yangu Asimwe azivae siku ya harusi yake."

Nilimjibu, "Sawa, mwanangu." Halafu nikakaa kitandani na simu mkononi mpaka kioo kikazima.

Hazimo, Shubi. Wewe unajua kuwa hazimo. Zimo chini ya kitanda changu, katika kopo la maziwa ya unga, zimefungwa ndani ya soksi. Zimekaa humo miaka kumi na moja.

Nakuandikia kwa sababu daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Alilisema hilo polepole, kwa maneno ya kumwambia mtoto, kana kwamba sikufundisha baiolojia miaka thelathini. Najua moyo uliochoka unakwenda wapi. Miguu imevimba, mikono imekauka. Nikilala chali napoteza pumzi, kwa hiyo nakuandikia nimekaa, juu ya daftari la shule, kama nilivyozoea.

Nianze na bangili zenyewe, maana wewe ulizivaa tu. Mimi nilizisoma.

Mwaka kahawa ilipolipa vizuri, babu alikwenda Bukoba kwa miguu, akaingia kwa sonara mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Alimwambia, "Nitengenezee kitu cha mke wangu ambacho hakitaoza." Sonara akatengeneza bangili mbili za dhahabu, akachonga punje za kahawa kuzunguka kila moja. Ukizitazama karibu, punje za upande mmoja zimelika. Ni upande uliokuwa ukisuguana na mpini wa jembe. Moja ina kibonde, pale bibi alipoigonga kwenye kinu. Kwa ndani ni laini kama kokoto la ziwani, kwa sababu ya mikono ya bibi, kisha ya mama, kisha yako. Nilikuwa nikizihesabu punje hizo mkononi mwa mama kanisani wakati wa mahubiri. Ni ishirini na mbili kwa moja na ishirini na tatu kwa nyingine. Je, wewe uliwahi kujua kwamba hazilingani?

Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyerudi kutoka chuoni nikaomba kazi karibu na nyumbani ili mama asibaki peke yake. Miaka minne nilimbeba kwenda chooni. Wewe ulikuja kutoka Kagoma mara mbili kwa mwaka, na mkungu wa ndizi na vicheko, na mama alikuwa akiuliza juu yako tangu alfajiri, wakati mimi namkanda miguu.

Kwetu bangili hupewa binti aliyezaa binti. Ndivyo bibi alivyoagiza. Nilikuwa nikilijua hilo, na bado nilingoja. Siku mama alipotuita, wajomba wamekaa wakitafuna kahawa, nilivaa gauni langu jipya. Mama alikutazama wewe. "Bangili ni za Shubi. Ana Kemi." Halafu akanigeukia, akanihurumia mbele ya watu wote: "Wewe waitu, mwanangu, una shule yako."

Huruma ile sijaimeza mpaka leo.

Jioni tulikwenda kisimani pamoja. Ulizivua ukaniambia nizijaribu. Tulipaka sabuni. Bangili ilifika kwenye kifundo cha dole gumba ikagoma. Ulisukuma mpaka ngozi ikachubuka, halafu ukacheka, ukasema, "Dada, mkono huu ni wa chaki na jembe, si wa dhahabu." Ulikuwa unatania. Najua. Ulimtania kila mtu, hata padri. Lakini hukuuona mkono wangu nilipourudisha majini.

Halafu pale hospitalini. Hili ndilo linaloniamsha. Siku tano kabla hujafa ulivua moja kwa taabu, ukaiweka kiganjani mwangu. "Dada, hii yako. Ile nyingine ya Kemi." Ilikuwa na joto la homa yako. Na mimi, mwalimu, mtu mzima, nilikurudishia. Nikasema, "Mimi si mbwa wa kutupiwa makombo." Ukaitazama kidogo. Ukaivaa tena. Kesho yake ulikuwa huwatambui watu.

Ulinipa moja nikaikataa. Nikaiba mbili.

Ilikuwa katika kukuosha. Kemi alikuwa uani na wenzake, kwetu binti haingii mama yake anapooshwa. Tulikuwa mimi na wifi yako mkubwa, naye akatoka kwenda kutafuta lubugo, kwa kuwa nilisisitiza uvikwe kitambaa cha gome kama mama, chini ya shuka. Nilisisitiza kwa heshima yako, ndivyo nilivyojiambia. Alipotoka nilichukua ile sabuni ya kukuoshea. Kwako zilitoka kama siagi. Nilizitia kifuani, zikawa baridi, na aliporudi nilikuwa nimeshakuvika mikono mirefu.

Wiki moja baada ya maziko Kemi aliniuliza, "Mama mkubwa, bangili za mama ziko wapi?" Ningeweza kusema nimezihifadhi. Mlango ulikuwa bado wazi. Nilisema, "Tumemzika nazo. Aliomba mwenyewe."

Nilijiona mwerevu sana. Wifi yako hakuniuliza, alidhani ndivyo wafu wa ukoo wetu wanavyovishwa, na sasa naye ni marehemu. Kemi akalijengea kaburi, akaliwekea vigae, na kila kigae kilichobandikwa kiliufunga uongo wangu vizuri zaidi. Sikujua nilichokuwa nimempa yule mtoto. Nilidhani nimemnyima dhahabu. Kumbe nilimpa mama aliyeipenda ardhi kuliko yeye. Mwaka juzi, wakati wa senene, tulikuwa tumekaa tukiwanyofoa mabawa, akasema bila kuniangalia, "Unajua, mama alikuwa akinipenda, ila si mpaka mwisho." Aliendelea na senene wake. Mimi pia niliendelea na wangu.

Na mimi je, zilinifaidi nini? Nilikwenda Bukoba kwa mjukuu wa sonara yule, duka ni lile lile, nikamwomba azipanue. Alizigeuzageuza dirishani muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "nikikata nikaunga kipande, utapata bangili ya kukuenea. Lakini hii ya babu itakuwa imekwisha. Ya nani hii?" Nikasema, ya mama yangu. Akanirudishia huku akicheka: "Basi subiri. Uzee utakupunguza."

Kwa hasira nilinunua mbili mpya hapo hapo, pana, zenye kung'aa. Nilizivaa kanisani. Mke wa katekista alinishika mkono akauliza, "Bei gani, Mwalimu?" Basi. Hakuna aliyeniuliza zaidi ya hapo. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikitaka miaka yote. Kipya watu hukiuliza bei. Cha zamani hukiuliza ni cha nani. Mimi nilitaka niulizwe ni cha nani, nijibu: cha bibi yangu, halafu cha mama, halafu changu. Na zile za kweli, ambazo zingeniletea swali hilo, nilizivaa chumbani tu, mlango nimefunga komeo, zikiwa zimeishia kwenye vidole. Mrembo wa vidole. Ungecheka sana.

Asimwe alikuja Pasaka akanionyesha kwenye simu wasichana wa Dar wamevaa vidani na bangili za bibi zao. "Bibi, siku hizi vya zamani ndiyo vyenyewe," akaniambia. "Vipya kila mtu anavyo." Kisha akaizima simu, akasema polepole, "Sisi vya kwetu viko chini ya vigae." Nilijidai usingizi umenishika. Wazee tuna faida hiyo.

Nisikufiche kitu. Kemi alipopiga simu, jambo la kwanza nililolifikiria ni uongo wa pili. Ningesema vijana wa kuchimba wameziiba. Kila mtu angeamini, maana mtu mwenye viatu vilivyotoboka huaminiwa haraka kwamba ni mwizi. Nililipanga vizuri. Nikaona hata sura ya Kemi akiwafokea kando ya mifupa yako, na wao wakigeuza mifuko nje kuonyesha kuwa hawana kitu. Nikajisikia nafuu kabisa, Shubi. Nafuu ile ndiyo iliyonitisha.

Nilivuta kopo kutoka chini ya kitanda kwa fimbo. Nilifungua soksi, nikaijaribu moja, sijui kwa nini, kwa mazoea. Ikapita. Bila sabuni, bila kusukuma, ilipita dole gumba, ikashuka hadi karibu na kiwiko. Nilipoteremsha mkono ikaanguka sakafuni, ikabingirika hadi mlangoni. Sonara alisema kweli. Sasa mkono unazitosha kiasi cha kushindwa kuzishika.

Sitakuomba msamaha kwa kuwa sijui kama mimi nimekusamehe. Naona haya kuandika hivyo, lakini sina muda wa kuandika kingine. Bado nakuonea wivu kwa jinsi mama alivyokuwa akilitaja jina lako. Bado nakumbuka kicheko chako kisimani. Na nakukosa pia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki wa kuniambia mkono wangu ni wa chaki.

Kemi nimemwita aje Jumanne. Nimemwambia asile njiani, nitampikia ndizi, jambo ambalo sote wawili tunajua siwezi. Atajua kuna neno. Akiingia atanikuta nimekaa kwenye kiti cha mama, bangili zote mbili nimezivaa, viganja nimevielekeza juu zisianguke. Sitazitoa kwenye kopo nimkabidhi kama karani. Nataka azivue yeye, kwenye mkono wa mtu aliye hai, anayemtazama. Nitamwambia kwamba hukuomba kitu. Nitamwambia kwamba ulitamka jina lake hospitalini, na ulichotamka. Nitamwambia neno lile la makombo nililokutupia usoni. Akitaka kunitemea mate, ateme. Akiondoka bila kunywa maji, nitamsikia akishuka kibanjani, na nitakuwa nimestahili.

Nilijua angekubali hata bila kuuliza sababu. Hilo amelitoa kwako.

Sasa pumzi imekuwa fupi, na herufi zangu zinapanda mlima. Zamani ningempunguzia mwanafunzi alama kwa mwandiko huu.

Kwaheri, mdogo wangu. Sisi wawili tutaonana upesi, na najua utaanza kwa kunitania. Nakuahidi jambo moja tu, kwa kuwa ndilo pekee ambalo bado naliweza: Alhamisi watakapokufungua, Kemi atasimama pale amezivaa, na hakuna mtu atakayekutazama mikononi.

Dada yako,
Mwalimu