Sanda Niliyoipima kwa Kidole

Issa,

Sikusalimii kwanza. Salamu itakuja mwisho kama hasira zitakuwa zimenitoka, na sidhani kama zitatoka.

Ninaandika mwenyewe. Mwanao Zaina angeweza kuniandikia, yeye kalamu inamtii, lakini jambo lenyewe linamhusu na sitaki alisome kabla sijamwambia kwa mdomo. Kwa hiyo vumilia mwandiko. Mwalimu wa elimu ya watu wazima alisema herufi zangu zimenyooka kama mshono wa suruali, darasa zima la Zuzu likasikia. Wewe ndiye hukuamini. Ulisema Mgogo anajua ngozi ya ng'ombe tu, kalamu aliiona jana. Mimi nikakujibu kwamba Mrangi naye anachojua ni vitunguu. Tukacheka. Leo sicheki.

Nikupe habari za huku kwanza. Mtama umevunwa, mwaka huu ndege wametuachia kidogo. Mji unajengwa mpaka vumbi limekuwa ukoo wetu. Vijana wa maofisini wananiletea vitambaa vya suti vinavyong'aa kama mgongo wa mende, nikiwaambia jua la Dodoma litawapika humo ndani wanasema, mzee wewe shona tu. Nashona. Wanarudi na makwapa meupe kwa chumvi, wanasema mshono mbaya. Mshono wangu, Issa. Mimi niliyewashonea wakuu wa wilaya wanne, na wa nne alikuwa na kibyongo na hakuna aliyejua.

Nyumbani kwako Chang'ombe kitanda chako cha kufumia bado kiko bandani. Kuku wa jirani wametagia pale unapokaa. Nimewafukuza mara tatu, sasa nimewaacha, wana haki kuliko sisi. Ile nguo uliyoianza bado imevutwa, mtande wote umesimama kwa urefu, mshindio unaoupita kwa upana umefika nusu. Zaina hataki ikatwe. Kila nikipita naigusa. Nakumbuka ulivyokuwa ukiwahubiria wateja: mtande huvutwa, mshindio hupita, ukivuta mno unakatika, ukilegeza nguo inaota tumbo, na mengine yote ni maneno ya dukani. Mimi nilikuwa fundi cherehani tayari, naringa, lakini nguo inavyozaliwa nilijifunza kwako. Nilijua kukata gabadini, sikujua kwa nini ina mistari ya mshazari. Nilijua khanga hufifia upande wa ndani, sikujua ni kwa sababu rangi hupigwa juu baada ya nguo kwisha kufumwa, wala haikuzaliwa nayo. Ukanionyesha yote. Sijawahi kukushukuru na leo si siku yake.

Ila kuna kimoja hukunifundisha wewe. Kidole. Hicho nilikipata kwa yule mzee kipofu wa Buigiri aliyekuwa akisuka vikapu, ambaye nilimpelekea vipande kumi na viwili vya nguo nimchezee, akavishika kimoja kimoja akataja: marekani, poplini, tetroni, hariri, sufu, mpaka mwisho. Akaniambia macho yanahongwa na rangi, kidole hakihongeki. Tangu siku hiyo nikafumba macho. Nikawa napita sokoni nashika kwa gumba na cha shahada, nasugua, nasema hii pamba, hii si pamba. Watu walikuja kutoka mbali waniulize. Hakuna aliyenikamata nimekosea. Na wewe ukanitegemea, ndiyo maana ukasema lile neno.

Tulikuwa kwako, umekaa kitandani hapo pa kuku, ukasema: Yakobo, nikitangulia usiwaachie watoto wanichagulie sanda. Nimefuma pamba maisha yangu yote, nisije nikafungwa ndani ya plastiki. Bafta ya kweli, ya pamba tupu, wewe ishike mwenyewe. Nikakuambia umeshapata. Mimi Mkristo, nitalala ndani ya jeneza na suti niliyojishonea, inakaa kabatini na vidonge vya kuua nondo mfukoni, lakini sanda ya rafiki yangu Mwislamu nitaichagua vizuri kuliko mashehe wenyewe. Nilisema hivyo. Ukaitikia kwa kichwa.

Basi asubuhi ulipoondoka nilikwenda sokoni mwenyewe. Sikumtuma mtu. Nikaingia duka moja, kijana akanitolea jora la nguo nyeupe, nikafumba macho, nikashika, nikasugua. Ilikuwa nzito kidogo, kavu kidogo, inakwaruza kama bafta inavyokwaruza kabla haijafuliwa. Nikasema pamba. Nikaileta nyumbani kwako nimeibeba begani kama mtu aliyetoka kuchinja fahali.

Zaina akaipokea. Akaishika, akaikunja, akaikunjua. Halafu akaniambia taratibu, macho yamevimba: baba mkubwa, samahani, tuchome uzi mmoja tu. Hii imetiwa wanga mwingi wa kuikaza, mimi siielewi.

Wewe wajua, lakini niandike: uzi wa pamba ukiuchoma unanuka karatasi, unaacha jivu laini ukipuliza linaruka. Uzi wa plastiki unajikunja, unayeyuka, unaacha punje nyeusi ngumu kama mbegu. Kitu cha kuhesabu mpaka kumi. Yeye aliomba hicho tu, kwa ajili ya baba yake.

Nami nikasema nini, Issa? Mbele ya wanawake waliokaa mkekani na wanaume waliosimama mlangoni nikasema: mwanangu, kabla mama yako hajakuzaa kidole hiki kilikuwa kikisema kweli. Msibani hatuchomi nguo kama wachawi. Watu wakaitikia kwamba mzee amesema vizuri. Zaina akainamisha kichwa, akaniachia nguo.

Wanaume walipoichana ilikataa. Bafta ya kweli unaanza na meno kidogo pembeni, halafu inachanika yenyewe kwa sauti moja ndefu mpaka mwisho, sauti ambayo wewe ulikuwa ukisema ndiyo nguo inatoa shahada yake. Hii ilitoa mlio mfupi ikaenda upande, ikakwama, wakaomba mkasi. Nilisikia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu na nilisikia, nikaangalia pembeni kama mtu aliyeona mkwewe akijikwaa. Kipande cha ukingo kilichobaki nikakiokota nikatia mfukoni mwa koti.

Ukazikwa.

Baada ya hitima nilikuwa jikoni kwangu Zuzu, mchana, mke wangu anasonga ugali, nikatia mkono mfukoni nikakikuta kile kipande. Nikafurahi. Nakuambia kweli, nilifurahi. Nikasema leo nitachoma uzi, jivu lake nitalifunga kwenye karatasi nimpelekee Zaina, nimkunjulie mbele ya watu wake nimwambie, haya, fundi, nisomee. Nikachomoa uzi nikausogeza kwenye moto wa kuni.

Ulijikunja, Issa. Ukatoa moshi mweusi, ukanuka kama ndala iliyoangukia jikoni, ukaacha punje.

Nikachomoa wa pili. Wa mtande, nikasema labda mshindio ndio wamechanganya. Punje. Nikachomoa mpaka mke wangu akaniambia mzee, ugali unaingia harufu, toka nje na vita vyako.

Kesho yake nilikwenda kwenye lile duka na fimbo. Nilimtukana yule kijana mpaka wauza viatu wakaacha wateja. Nikamwita mwizi wa maiti. Nikamwambia amemfungia fundi wa pamba kwenye mfuko wa rambo. Alisubiri nikachoka, akanivutia kiti, akasema: shikamoo mzee. Siku ile nilikuuliza, unataka ya pamba au hii, maana ya pamba iko juu pale, nipande ngazi. Ukaniambia nisikufundishe.

Na ni kweli. Nilimwambia hivyo. Nilisahau kwa sababu ni neno ninalowaambia watu kila siku.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira yenyewe ilipo. Kidole changu gumba kina ganzi. Kilianza mvua za mwaka juzi, kikafuata cha shahada. Najichoma sindano naona damu kwanza ndipo najua. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilikuwa nashika nguo za watu nasema pamba, si pamba, kwa kubahatisha na kwa uzito, na kwa kuwaangalia wenyewe nyuso. Yule mzee wa Buigiri alisema kidole hakihongeki. Kinahongwa. Wanga kidogo tu unatosha.

Na wewe ulijua. Usinifiche sasa, huna sababu tena. Siku ile ulinipa vipande viwili bandani, nikavikosea vyote viwili, ukacheka ukasema baridi leo, eh, Yakobo. Nikasema baridi. Mwezi wa kumi, Dodoma, kichwa kinapasuka kwa joto, wewe ukakubali ni baridi. Ulinistahi. Halafu miezi haikupita mingi ukaniachia kazi hiyo ya sanda, mimi, mwenye vidole viwili vilivyokufa kabla yako, na binti yako yupo hapo mwenye mikono mizima uliyoifundisha mwenyewe. Kwa nini hukusema Zaina ndiye ashike? Ulidhani nitaumia? Ningeumia, ndiyo. Ningenuna wiki nzima, ningesema Warangi hawana adabu, na wewe leo ungekuwa umelala ndani ya pamba.

Umekosea, Issa. Mimi nimekosea zaidi, hilo nimeliandika hapo juu kwa mkono wangu na sitalifuta, lakini na wewe umekosea.

Sanda haifukuliki tena. Nimemuuliza shehe kwa mafumbo, akasema marehemu ameshasitiriwa, Mungu haangalii nguo. Inawezekana. Wewe ulikuwa unaangalia.

Punje nimeziweka kwenye kiberiti kitupu, ziko saba. Alhamisi naenda Chang'ombe. Nitasubiri majirani wawepo, wale wale wa mkekani, maana nilimdhalilisha mbele yao. Nitamfungulia Zaina kiberiti mkononi mwake nimwambie, ulikuwa sahihi, na baba yako analala ndani ya kitu nisichomwahidi kwa sababu ya mdomo wangu. Akinifukuza nitaondoka. Asiponifukuza nitamwomba awatoe kuku, akae pale, amalize ile nguo uliyoiacha nusu. Siku yangu ikifika wanifunike nayo juu ya suti. Suti yenyewe, nakuambia ukweli, ni polista, plastiki ile ile.

Na kuanzia Alhamisi mtu akiniletea nguo sitafumba macho tena. Nitamwelekeza kwa Zaina. Nikisahau, nikashika, nikasema pamba, nimempa ruhusa yeye na mji mzima: wachome uzi kwanza.

Shikamoo sikupi, nimekuzidi miaka miwili. Pumzika kama inawezekana kupumzika ndani ya kitu hicho.

Mimi mwenzio,
Yakobo, fundi