Mbwa Anayepima Makochi Ameanza Kuchechemea

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, na kama bado u kijana basi nirudishie shikamoo yangu nikaitumie kwingine. Nakuomba unisaidie, na usinicheke kabla hujafika mwisho. Najua umezoea barua za watu waliokimbiwa na wachumba. Mimi sijakimbiwa na mtu, kinachonikosesha usingizi ni goti la mbwa.

Mimi ni fundi wa makochi, karakana ni ya mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha kazi baada ya mimi na shule kushindwana, na nisikufiche, kwa kukunja kitambaa kwenye kona hakuna wa kunifikia mtaa mzima, hata mjomba analijua hilo ila hasemi, ndiyo maana wananiita Fundi Kona. Tuna mbwa anaitwa Springi, mdogo, mweupe, miguu mifupi kama ya stuli, ukimwona kwa mbali utadhani kuna mtu kaangusha mto. Niliachiwa na mteja aliyehama, akiwa bado anaenea kwenye kofia. Jina nilimpa mimi na kazi nilimpa mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Mteja anakuja, anabonyeza kiti kwa kidole, anakunja uso, anasema haya yatabonyea kabla sijayazoea. Mimi sibishani na mtu. Napiga mluzi mmoja, Springi anapanda juu ya egemeo, anasimama kule kama mwenye nyumba, halafu anajirusha kwenye kiti, anadunda, anaruka chini sakafuni, anapanda tena, na kiti kinarudi palepale kama hakikuguswa. Wateja wanacheka mpaka wanasahau kuomba kupunguziwa. Watu wanatoka mbali wakiuliza, "Makochi yanayopimwa na mbwa ni hapa?" na aliyebuni ni mimi, ingawa siku hizi ukimsikia mjomba akisimulia utadhani alianza kumfundisha tangu akiwa tumboni mwa mama yake.

Sasa hivi karibuni Springi akaleta mtindo mpya. Anakimbia vizuri, ghafla anakunja mguu wa nyuma wa kulia, anaruka na ile mitatu, anaunyoosha ule mguu nyuma kama anampiga teke mtu tusiyemwona, halafu anaendelea na safari yake. Nikajua ni mbwembwe tu, maana kalelewa na mimi. Wateja nikawaambia huo ndio mdundo wa mwaka. Dada anayetushonea vitambaa, ambaye nadhani mjomba alimwajiri ili anipinge, akasema, "Huyo hachezi. Huyo anaumwa."

Nikamwambia, "Dada, wewe shona zipu."

"Nashona. Na huo mdomo ulete, nina nyingine imebaki."

Basi siku moja Springi akaruka kutoka kwenye kochi refu la egemeo la juu, akalia mara moja tu, akakaa, na mguu safari hii haukurudi. Mimi ni fundi, kiungo kikilegea nakikaza. Nikachukua kipande cha sponji nikamzungushia goti, nikafunga kwa ile lastiki tunayovutia chini ya viti, nikaivuta sawasawa, stepla sikutumia, sijafika huko. Kulipokucha wayo ulikuwa umevimba kama ngumi ya mtoto. Nilikuwa nimempa pia nusu ya kidonge cha bibi, kile anachomeza magoti yakimsumbua, nikiwaza goti ni goti, akakitapika chote juu ya kitambaa cha mteja. Dada hakuomba ruhusa ya mtu, akaikata lastiki kwa mkasi wake, akanitupia taulo la kumbebea, tukaenda wote kwa daktari wa wanyama.

Daktari yule ni mtu wa maneno machache, nikamwonea huruma. Akalipapasa goti kwa kidole gumba, akaniambia, "Weka kidole hapa." Nikaweka. Mshauri, kile kifupa cha mbele ya goti, wenyewe wanakiita pia ya goti, kilikuwa kimeenda kando kama droo iliyotoka kwenye reli. Akakisukuma taratibu, kikarudi mahali pake, na mimi nikasikia kikirudi.

"Mbwa wadogo wengi huzaliwa hivi," akasema, "mfereji wa kupitia hiki kifupa unakuwa hauna kina. Lakini huyu anarushwa. Nani anamrusha?"

Nikaangalia dari. Dada naye akaniangalia mimi.

Daktari akasema Springi asiruke tena kabisa, apungue mwili, tumrudishe akapigwe picha ya mfupa ijulikane kama ni wa kutunzwa tu au wa kupasuliwa. Hilo la mwili nilimbishia, akampandisha kwenye mizani, mizani ikawa upande wa daktari.

Sasa sikia nilipokwama. Jumamosi anakuja mwenye nyumba ya wageni kuangalia makochi ya vyumba vyake vyote, na mjomba ameshamwahidi kumwonyesha mbwa. Nikamwambia, "Mjomba, daktari amekataza."

"Daktari ananunua makochi?"

"Mjomba, pia ya goti imetoka kwenye reli."

"Mpwa wangu, si nimemwona asubuhi? Kachechemea kidogo, mguu umejirudi wenyewe. Mara moja tu Jumamosi, halafu apumzike mpaka kupumzika kumchoshe."

Na mjomba si mtu mbaya, usimwandikie vibaya, huyo Springi anamlia hadi mkate wake wa chai. Tatizo ni kwamba nusu yangu mimi mwenyewe iko upande wake. Springi akiacha kuruka, mimi nabaki kijana wa makochi kama vijana wengine wa makochi. Lakini jana nilipiga mluzi kwa kusahau, nikiwa na mambo yangu, nikamwona anajikokota na mguu mmoja juu kulielekea kochi, mkia unapepea. Hilo ndilo linaloninyima raha, kwamba nikimwita hatakataa. Je, mara moja tu ina ubaya? Nijibu waziwazi, usinifumbie, methali mimi huwa zinaniingia siku ya pili.

Ni mimi, Fundi Kona.

JIBU

Marahaba, Fundi Kona. Shikamoo yako imefika inapostahili.

Ndiyo, mara moja tu ina ubaya. Ningeweza kuishia hapo, lakini barua moja imenitosha kukujua, utatafuta mwanya, kwa hiyo naziba.

Mguu kujirudi wenyewe si kupona. Mlango mbovu nao hujifunga wenyewe upepo ukivuma. Kila mara kile kifupa kinapotoka na kurudi kinasaga mfupa wa chini yake, na goti lililolegea likitua vibaya kutoka juu, kano za ndani hukatika. Hapo goti ambalo labda lingetunzwa kwa mapumziko linakuwa la kupasuliwa, na huyo mwenye nyumba ya wageni hatakuwepo kukulipia.

Nina ugomvi na wewe kwanza. Goti si goti. Kidonge cha bibi ni cha bibi. Dawa za maumivu za watu zinaweza kumchoma mbwa tumbo na kumharibia figo na ini, na kwa mwili mdogo kama wa Springi nusu yake si kidogo. Tena nimeisoma safari yenu ya kwa daktari mara mbili, sikuona mahali ulipomtajia hicho kidonge. Ulinyamaza, sivyo? Mpigie leo umwambie, aibu utaimeza baadaye. Na lastiki ibaki kwenye viti. Ukifunga mguu namna hiyo damu haipiti, ungeanza na goti bovu ukamaliza bila mguu. Dada wa zipu hujamshukuru. Mshukuru.

Nakupa pole pia, maana umeona kitu ambacho mjomba wako hajakiona. Mbwa hawezi kukataa. Hajui daktari kasema nini, anajua wewe umepiga mluzi. Basi wa kukataa ni wewe, na nakuomba huo mluzi uufunge kabisa, hata ukiwa unafurahi.

Mtengenezee kizimba kwa mabaki ya mbao, chini mwekee sponji, akae humo mnapokuwa kazini. Sakafu ya karakana ikiteleza goti linateseka, tandika mabaki ya zulia anapopita, na kucha zake zikatwe. Ukimbeba, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, asining'inie. Daktari akiruhusu matembezi, iwe kwa kamba fupi na mwendo wa pole. Chakula pima, na mkate wa chai wa mjomba ukome, upendo wake aupeleke kwenye kumkuna masikio. Siku akishindwa kuukanyaga mguu, au ukikataa kurudi, usisubiri kuche wala usimsikilize mwenye dawa ya kuchua. Nenda siku hiyohiyo. Picha ikionyesha ni wa kupasuliwa, apasuliwe, na baada ya hapo uwe na subira ya kumlaza muda wote utakaoambiwa, kwa sababu watu kama wewe huharibu kazi nzuri wakiona mgonjwa amechangamka.

Sasa mjomba. Usimkatalie Jumamosi mbele ya mgeni. Mtu mzima ukimkatalia mbele ya watu, anayesikia ni hasira yake tu. Nenda naye kwa daktari kabla ya siku hiyo, mwambie unataka akusaidie kumshika mbwa wakati wa picha. Mwombe daktari amwekee kidole pale ulipowekewa wewe. Amekaza droo na viungo maisha yake yote, akigusa kitu kilichotoka kwenye reli hutahitaji kumhutubia. Kisha mwache yeye mwenyewe aseme kwamba mbwa hataruka. Akitaka kusimulia baadaye kuwa uamuzi ulikuwa wake tangu mwanzo, msikilize na utikise kichwa.

Na huyo mgeni wa Jumamosi anataka kujua kama kochi litambeba msafiri mnene aliyechoka. Mbwa mwenye uzito wa mto hamwambii kitu. Fungua kochi moja mpaka chini, mwonyeshe mbao, springi na zile kona unazojisifia, mwache aguse mwenyewe. Akiendelea kubonyeza kwa kidole na kukunja uso, panda wewe juu ya egemeo, ujirushe. Magoti yako ni mazima, na haya huna.