Mu Tumbo ya Kifaru

Dilolo, tarehe 9 mwezi wa pili 2024

Tata yangu,

Asalam aleykum. Afya yako iko namna gani? Ile mukono ya kuume imepona, ao inakusumbua bado? Umusalimie mama Mujinga wa jirani. Sisi huku tuko wazima. Ibrahim bwana yangu ananitunza muzuri, na mama mukwe ananiita "mutoto yangu" mbele ya batu na nyuma ya batu. Kinachonichosha ni mavumbi na kelele ya kamiyo kubwa za mizigo zinazotoka Angola.

Ninakuandikia barua juu hii neno siwezi kuisema mu simu. Hapa mu lupango, mu uwanja ya jamaa yote, tunapiga simu katikati ya batu, na kila mutu anatega sikio. Shofere Mulumba amekubali kukuletea.

Tata, nimeona kifaru yako.

Aicha, mutoto mudogo wa shemeji yangu, ameifunga kamba na anaivuta mu muchanga. Munyororo moja ya magurudumu imekatika, na mzinga imepinda. Jana aliijaza udongo juu, akasema ni kamiyo ya madini inaenda kupimwa. Nilisimama pa mulango na sahani mu mukono, haya ikanishika mupaka mu masikio.

Mi njo nilikuambia siku ya dote, bakwe balipoleta mahari, uitoe mu salon. Nilisema bakwe batacheka: muzee wa mvi, fundi wa kamiyo, anashinda na kole ya kubandika na pinso ya rangi akitengeneza kifaru ya kuchezea. Nikaificha nyuma ya rido ya dirisha, na Aicha akaifukunyua. Tata Moussa, baba mukwe yangu, alipouliza "hii ni ya nani?", ulinitazama. Nikaangalia chini. Njo ukasema ni ya mutoto wa jirani, achukue tu. Ninajua, siku ya dote kitu ambacho mutoto wa bakwe ameshika hakinyang'anywi. Lakini ile uongo mi njo nilikutia mu kinywa.

Niambie nifanye nini.

Mutoto yako,
Djamila


Kolwezi, tarehe 20 mwezi wa pili 2024

Djamila mama,

Aleykum salam. Barua yako imefika na harufu ya mazutu ya kamiyo, Mulumba aliikalia njia yote toka Mutshatsha. Mi niko muzima. Mukono inatetemeka bado: asubuyi ninakunywa nusu ya chai na meza inakunywa nusu. Bwana yako anakula muzuri? Na weye, unalala?

Mama Mujinga anakusalimu. Anauliza pia ule mutoto wake tuliyemupa siku ya dote yuko wapi, juu yeye amezeeka bila kuzaa na angependa kumuona. Habari imetembea mu avenue yote. Sasa nikienda muskiti ninapita nyuma ya nyumba yake, mutu muzima kama mi, ninajificha mama wa jirani.

Juu ya kifaru, acha. Ni plastiki. Ndoa yako ni changa, usiitikise juu ya muchezo.

Niulize tu neno moja. Ile sehemu ya juu inayozunguka, yenye mzinga, iko imefungwa bado? Sikuitia kole, niliiacha ifunguke. Ndani mote mumejaa: viti, motere na mipira yake ya maji, mabomu kila moja fasi yake, na zile fimbo mbili za kuendeshea. Batu balikuwa bananiuliza ni kwa nini ninapaka rangi fasi ambayo hakuna mutu ataiona. Nimefanya garaje maisha yangu yote, Djamila. Nimeona kamiyo nyingi zinang'aa inje na ndani zimeoza, na sikutaka yangu iwe vile. Lile sanduku la vipande vya kuunganisha nililipata kwa muchuuzi mumoja wa Lubumbashi aliyekosa muteja, na nilitumika kazi mupaka macho yanatoa machozi. Ingine sitatengeneza. Hii mukono haiwezi tena kushika kitu cha kadiri ya punje ya muchele.

Lakini acha. Mi mwenyewe nilisema haiko yangu. Nitaiomba kwa uso gani?

Tata yako


Dilolo, tarehe 17 mwezi wa tatu 2024

Tata yangu,

Asalam aleykum, na Ramazani njema. Unafunga, ao daktari amekukataza? Usijikaze bure.

Usikasirike na mi. Nilitaka kuiiba.

Aicha alikuwa amelala. Niliifunga mu kitenge yangu niende kuitia mu sanduku langu, na mu kolidoro nikakutana na Tata Moussa. Mzinga ikachomoka mu kitenge mbele ya macho yake. Akaniuliza: "Djamila, unanyang'anya mutoto muchezo?" Ile ilikuwa saa ya kusema kweli, na sikuisema. Nilisema ninaenda kuiosha. Akanifuata mupaka pa bomba, akavuta kiti, akakaa. Basi ikabidi niioshe kweli, na sabuni, na burashi.

Njo ile sehemu ya juu ikafunguka mu maji.

Tata, nimeona ndani. Nimeona viti na motere. Nimeona fundi mudogo wa plastiki mwenye kombinezo ya kazi ya buluu ameinama pa motere, na mugongo yake ni yako. Na pembeni yake kuna mutoto mwanamuke ananyanyua tochi, na kitambaa nyekundu mu kichwa, ile marehemu mama alikuwa ananifunga. Mu sanduku ya kifaru hakuna mutoto kama ule. Ulimuchonga weye. Ni mi, chini ya kamiyo, na weye unaniambia "inua tochi, mama, usilale."

Nilificha nyuma ya rido kitu ambacho mi mwenyewe niko ndani yake. Nililia pale pa bomba, na Tata Moussa akafikiri sabuni imeniingia mu macho.

Rangi ya uso wa fundi imetoka, Tata. Burashi yangu njo iliitoa. Uso umebakia mweupe.

Mutoto yako,
Djamila


Dilolo, tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Tata yangu,

Asalam aleykum. Uko muzima? Mulumba amekuja na kurudi, na kila mara mikono mitupu. Anasema ulisoma barua, ukaikunja, ukaitia mu mufuko ya shati, ukamwambia hakuna jibu. Nimekuumiza, ninajua.

Sikiliza tena hii. Siku ya Idi tulipata bageni ya Sandoa. Aicha akaleta kifaru, mugeni akaishangaa, na Tata Moussa akamwambia ilikuwa ya mutoto mumoja wa Kolwezi. Sijui nini kilinishika. Nilikuwa ninapakua pilau, nikasema: "Hapana, Tata. Ni ya tata yangu. Aliitengeneza na mikono yake, na mi niliona haya juu yake."

Nilifikiri batacheka, na hakuna aliyecheka. Tata Moussa aliweka kijiko chini. Akasema: "Siku ya dote mulitudanganya pa kitu kidogo. Pa kikubwa mulituambia nini?" Ibrahim akatoka inje. Mupaka leo ananisalimia tu, kama mupita njia.

Baba mukwe amekata neno. Uongo ya siku ya dote inatolewa na kinywa ileile iliyoisema, pa mukeka, mbele ya bazee, na jogoo mweupe. Uje weye mwenyewe. Usipokuja mbele ya mwisho wa mwezi, atanirudisha kwako nikajifunze kusema kweli.

Siwezi kukulazimisha. Nimekuaibisha mara ya kwanza mu nyumba yako, na sasa ninakuita uaibike mu nyumba ya benyewe.

Mutoto yako,
Djamila


Kolwezi, tarehe 13 mwezi wa tano 2024

Djamila mama,

Aleykum salam. Niko muzima. Kula, na usilie.

Haukuniumiza. Nilinyamaza juu ya haya. Muzee anamuchonga mutoto yake mu plastiki, juu ameolewa na nyumba imekuwa kimya, na mutoto mwenyewe anakuja kuona. Sikujua mutu anaandika nini kisha pale. Ningejua utaosha, ningekuambia mbele.

Nitafika siku ya ine ya hii juma na kamiyo ya Mulumba. Jogoo mweupe iko hapa chini ya meza, miguu imefungwa, inanitukana. Mama Mujinga njo amenipa. Nilienda kumuomba yeye musamaha kwanza, nijizoeze. Alicheka mupaka akakaa chini, kisha akaenda kukamata jogoo.

Nitakaa pa ile mukeka, na nitamwambia Tata Moussa: hii ni kazi yangu, niliikana, na ile siku binti yangu hakusema uongo, mi njo nilisema. Ibrahim asikie vile. Akinitukana, nitapokea.

Kifaru ibakie ya Aicha. Kitu cha siku ya dote hakirudi. Nitamuomba tu aniazime kwa siku moja. Ninaleta kole, rangi na pinso. Mukono yangu haiwezi, basi weye utapaka ule uso, Aicha atashika tochi, na mi nitakuonyesha fasi ya kupaka.

Mupaka nifike, usiioshe tena.

Tata yako,
Bilali